Ncha ya Kisu

Fundi alipofungua mgongo wa mashine ya kufulia, ncha ya kisu ilimdondokea kiganjani, ndogo kama punje ya mchele. Pale ilipotoka, waya mwekundu ulikuwa umekatwa.

Mwenye nyumba hakuona. Alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya meza.

"Nimeita fundi, wakaniletea binti," alisema. "Haya, mwanangu, umeona mke wangu alivyoiua? Ana mkono mzito huyu. Kaka yake anakuja leo. Utamweleza kitaalamu, ili amchukue dada yake bila maneno mengi."

Mkewe alisimama mlangoni, akikunja taulo lile lile kwa mara ya tatu.

"Kuna mtu aliyewahi kuifungua?" fundi aliuliza.

"Nani aifungue? Huyu hata chupa ya soda humshinda."

Fundi akakitazama kidole gumba cha bwana huyo, kilichofungwa plasta mpya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu haikufika hata mlangoni.

"Dada, una kisu kilichovunjika ncha?"

Mke akaenda jikoni, akarudi nacho, akakiweka mezani karibu kabisa na nyayo za mumewe.

"Aliniambia kimevunjika akikata mkate," alisema taratibu.

Fundi akaiegesha ile ncha. Ikakaa barabara.

Mwenye nyumba akashusha mguu mmoja, kisha wa pili. "Sasa, fundi, haya ni mambo ya ndani."

Fundi akavuta kiti, akaketi.

"Shemeji yako anafika saa ngapi?" aliuliza. "Nitamsubiri."