Honi ya Kona ya Kinyozi

Honi ililia kwenye kona ya kinyozi, na Breki, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, akaruka kutoka kwenye kochi. Sweta chini ya mto, sindano ndani ya sweta, gazeti mkononi. Mkewe alipofungua mlango alimkuta ametulia tuli.

"Umeshindaje, baba watoto?"

"Nipo tu. Nasoma."

"Hilo gazeti la juzi haliishi?" Mke akacheka, akapita jikoni.

Kila siku ilikuwa hivyo. Gari lao, alilokwenda nalo mkewe kazini hospitali, lilikuwa limechoka, na tangu mwaka jana lilikuwa na ugonjwa wa ajabu: ukikata kushoto, honi inalia yenyewe. Kona ya mwisho kabla ya nyumbani ilikuwa ya kushoto. Kutoka pale hadi getini ni dakika moja, na dakika moja ilimtosha Breki.

Maana Breki alikuwa anafuma. Ndiyo, yeye! Aliendesha malori miaka thelathini, akastaafu, mikono ikakosa kazi mpaka akaanza kukonda. Ndipo alipokuta stoo kikapu cha nyuzi na sindano za marehemu mama mkwe. Akajaribu kama mchezo, na moyo ukatulia. Ilikuwa raha yake pekee.

Lakini je, si ni yeye aliyemcheka fundi cherehani kijiweni kwa kufuma kofia, akamwita bibi harusi, mpaka mwenzake akahama kijiwe? Leo aonekane yeye na sindano? Bora ardhi ipasuke immeze! Na kikapu chenyewe kilikuwa na baraka: mwaka mzima anafuma, nyuzi haziishi. Alimshukuru Mungu, hakuuliza.

Jumapili moja mkewe akasema, "Tubadilishe gari. Pale yadi wanachukua la zamani, unaongeza kidogo, wanakupa jingine. Wewe ndiye dereva, amua: tulitengeneze kwanza, au tulipeleke lilivyo?"

Breki akaweka gazeti chini. "Gari hili? Mbona bado lina nguvu!"

"Jana limezima mbele ya hospitali, baba watoto. Nimesukumwa na wagonjwa wangu mwenyewe."

Breki akachukua ufunguo. Akalipeleka kwa fundi.

Fundi alilizunguka mara mbili. "Injini iache, mzee, utapoteza bure. Ila honi tuifunge. Ni waya tu unagusana chini ya usukani, robo saa nimemaliza. Yadi watalipokea vizuri."

"Usiiguse!"

Fundi akamkodolea macho. "Mbona wiki iliyopita mama aliniuliza sana habari za honi hiyo? Waya gani, unagusa wapi. Nikajua imemchosha."

Breki akapanda garini. Kumbe mke naye kaichoka! Aliporudi nyumbani alitoa uamuzi: gari liende lilivyo, lisiguswe hata kidogo. Moyoni aliomba yadi walikatae.

Hawakulikataa. Waliicheka ile honi, wakalichukua gari, wakawapa jingine jeupe, zima, linalokata kona zote kimya kimya.

"Umeamua vizuri," mkewe alisema njiani. Breki aliitikia kwa mdomo tu, roho inamuuma.

Kesho yake mkewe alienda kazini na gari jipya, akasema akitoka atapitia kwa fundi likaguliwe. Breki akakaa kufuma kwa mara ya mwisho. Alibakiza mkono mmoja wa sweta. Akiumaliza, kikapu kinarudi stoo, basi, yameisha. Alifuma masikio yakiwa getini, na kila gari lililopita lilimrusha kochini. Mara mbili alimfichia sweta muuza maziwa.

Honi ikalia kwenye kona ya kinyozi.

Akaruka kwa mazoea: sweta chini ya mto, gazeti mkononi. Ndipo akakumbuka kwamba gari la zamani liko yadi.

Mkewe akaingia, akaweka ufunguo mezani na mfuko mkubwa juu ya kochi.

"Fundi kahangaika nalo saa nzima mpaka honi ikakubali kulia kwenye kona," alisema, akielekea jikoni. "Na nyuzi za bluu zimekwisha dukani, nimekuletea za kijani."