Kibahasha cha Dawa

"Kwa nini unataka kusomea famasia?" Mwalimu Kihwelo aliuliza, huku akiandika tarehe ya siku hiyo, 22, kwenye fomu ya usaili.

Tunsime alitoa kibahasha cha dawa kilichochakaa, akakiweka mezani. Juu yake paliandikwa kwa kalamu: 2x3.

"Mama alitakiwa kumeza kidonge kimoja tu kwa siku. Akafuata kilichoandikwa hapa. Siku ya tano tulimzika."

Mwalimu alikitazama. Ile mbili ilikuwa na mkia mrefu, uliojikunja kama ndoana.

"Unamjua aliyeandika?"

"Hapana, mwalimu. Duka lenyewe lilishafungwa. Ila mwandiko huu nitaujua popote nitakapouona."

 Mwalimu akasogeza kiganja taratibu, akaifunika ile tarehe. Macho ya Tunsime yakaufuata mkono.