Pengo la Khukuri

Asubuhi nzima wanunuzi walikikataa kile kisu, na kila kilipokataliwa Dambar alishusha pumzi. Kilikuwa khukuri, kisu kilichopinda cha kwao Nepali, alichorithi kutoka kwa baba yake na kuzunguka nacho miaka ishirini na sita akilinda kiwanda cha sukari. Sasa kiwanda kimefungwa, nauli ya kurudi kwao haijatimia, na vitu vyake vyote vimetandazwa mkekani.

"Kina pengo hapa karibu na mpini," walilalamika. "Kibovu hiki."

Dambar hakuwasahihisha.

Kisha akaja Bi Siwatu, muuza madafu. Dambar akamwekea kisu mkekani, maana mji ule kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, watu wasije wakagombana. Bi Siwatu akakiokota. Vidole vyake vikajipanga vyenyewe kwenye mpini. Akalipapasa lile pengo kwa kidole gumba.

"Hili limewekwa makusudi," alisema. "Maji yadondokee hapa, mkono usiteleze. Au sivyo, baba?"

"Ndivyo, mama," alijibu Dambar, akajuta kutosema uongo.

Bi Siwatu akafyeka kichwa cha dafu kwa pigo moja. "Miaka yote nahangaika na mapanga," alisema akicheka, "kumbe kisu changu kiko kwako!"

Akalipa, kisha akamkaribisha dafu lile anywe.

Dambar, mtu wa adabu zake, alilipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umejikunja, kama ulioshika mpini.