Kipa Aliyetakiwa Kwao

Mpira ulipita tena katikati ya miguu yake, na watu waliojaa uani wakacheka. Alijirusha wakati mpira umeshapita, jezi ya kijani ikajaa vumbi, akainuka akiulaumu kwa Kiswahili kilichopinda. "Mpira mbaya. Mimi mzuri," alisema, na wanawake waliokaa na Kristina mkekani wakaegemeana kwa kicheko. Hakuna aliyemwomba acheze. Alianza mwenyewe.

Kristina hakucheka, wala hakuchukia. Tangu juzi alikuwa akiona vitu bila kuvihisi. Chai aliyopewa ilipoa mkononi, na hakukumbuka kama aliionja.

Habari za Anselmo Quiroga zilijulikana Mlali nzima. Alidakia timu tatu kwao Bolivia, akaitwa mpaka timu ya taifa, akakaa benchi na kurudi bila kugusa mpira. Umri ulipoanza kumtupa mkono akaja Morogoro kufundisha makipa. Siku moja kipa wao akaumia, wakampanga yeye, na shuti dhaifu kama la mtoto wa chekechea likampita katikati ya miguu mbele ya mji mzima. Akatundika glovu. Akamwoa Kristina, akalima kabichi kwenye shamba la ukoo wa mkewe, na miaka yote hiyo wazee waliendelea kumwita mgeni, kwa heshima zote.

Sasa kaka yake alikuwa amepiga simu kutoka Bolivia, akitaka arudishwe nyumbani. Kristina alitaka abaki. Asubuhi alimfuata Mjomba Athanas, mkubwa wa ukoo, akamsalimu, akasema bila chozi wala hasira, "Mjomba, naomba akae hapa, karibu na mama."

"Ardhi ni ya ukoo, mwanangu," mzee alimjibu. "Mwenzio hana mtu hapa. Wenzangu nitawaambia nini?" Akaahidi kutoa jibu kabla ya mchana.

Ndiyo maana Kristina hakuutazama mpira. Alimtazama mjomba. Mzee alikaa uso kaukunja, huku uani mabeki wasiokuwepo wakipangwa kwa kelele, glovu zikigonganishwa, na ile ishara ya msalaba ya harakaharaka, ambayo kila mtu aliijua, ikifanywa kabla ya kila shuti. Mpira ukapita tena. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka akafuta macho.

"Nami nikasema hana mtu," alijisemea. Akamgeukia Kristina. "Mpigie shemeji yako. Mwambie ndugu yake haendi popote, ni wetu."

Kristina akainua kikombe, akaionja chai iliyopoa. Mzee alikuwa ameshasimama, akiita kuelekea golini.

"Mosi, mtani wetu, inatosha kumwigiza; mgeni hataniwi hivi. Vua jezi ya marehemu, uwachukue vijana mkachimbe kaburi pale ubavuni kwa dada yangu."