Hita ya Kibandani

"Umeme unakula hela," Orville alimwambia mkewe, akiingiza gerejini, anakorandia mbao, hita ya gesi anayotumia kibandani akivua samaki juu ya ziwa lililoganda.

"Kibanda kina matundu ya hewa, baba watoto. Hapa umeziba mpaka chini ya mlango!"

"Nimeziba baridi. Kakaange samaki. Ukirudi utakuta joto tamu, hutataka kutoka."

Mkewe akaenda kukaanga. Kutoka jikoni aliisikia randa ikipita ubaoni, shwaa, shwaa, kisha ikakwama katikati.

Alisubiri mumewe aisukume tena. Kimya.

Alipousukuma mlango, Orville alikuwa ameulalia ubao. Maranda yalining'inia kwenye randa, hayajakatika.

Gerejini mlikuwa na joto tamu, kama alivyoahidi.