Mche wa Siwatu

Siku hizi kila nyumba hupewa mbegu tatu za bilinganya kwa mwaka, na mkaguzi asipokuta hata mche mmoja, bustani yako anapewa mtu mwingine. Zangu ziliota zote. Nikaimwagilia ile miche asubuhi na jioni, kwa mapenzi, mpaka mashina yakaoza.

Jana jirani yangu Siwatu alikuja na mche kwenye kopo, ameufunika kwa kanga.

“Bibi, ulikuwa unailea au unaiogesha? Haya, chukua huu.”

“Na wewe, mwanangu?”

“Ninao mwingine.”

Leo mkaguzi ameuona, akatia alama, akaenda kwa Siwatu. Nikiwa uani kwangu namwona Siwatu akimkaribisha chai, anacheka, na makopo yake mawili yaliyobaki yana udongo mtupu.