Sanduku la Pojo

Nilimkuta mama akimimina pojo ndani ya sanduku nililonunua la kwenda chuoni Mombasa.

“Si umesema digrii yako inasomwa hata online, Sylus?” akaniuliza. “Basi sanduku la nini? Utasomea hapa hapa Sagalla.”

“Na siku ya graduation, mbuzi ndio watanipigia makofi?”

“Wakishiba, watapiga.”

Tulicheka wote. Kwenye simu yangu, chuo kilitaka jibu kabla ya saa sita mchana: darasani au mtandaoni. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya “darasani”.

Mama akainama kuinua mtungi wa maji. Akashika kiuno, akautua polepole, akajifanya anafunga leso.

Kidole kikasogea hadi “mtandaoni”.